Aliyechanjwa kwa Niaba

Iko nchi moja, ambayo jina lake naliacha hapo hapo lilipo kwa sababu wenyewe hawapendi kutajwa bila kibali, ambako viongozi wana shughuli nyingi mno hata hawapati nafasi ya kuhudhuria shughuli. Msomaji asidhani ni uvivu. Ni mialiko. Rais wa nchi hiyo alialikwa kufungua madarasa, kufunga semina, kuweka mawe ya msingi na kukagua mawe ya msingi yaliyowekwa na marais waliomtangulia, na mwili wake, pamoja na ukubwa wake wote, ulikuwa mmoja tu. Basi serikali, kwa busara zake, ikaunda Idara ya Uwakilishi.

Nassibu Mtepa alikuwa mwakilishi mwandamizi katika idara hiyo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye uso usiosema lolote na suti ya kijivu iliyofaa harusini na msibani. Mshereheshaji alipotangaza, "Sasa namkaribisha Mheshimiwa Rais, akiwakilishwa na...", makofi yalianza kabla jina halijatajwa, kwa hiyo miaka yote hiyo hakuna aliyelisikia. Redio nayo haikujisumbua. Ilisema tu kwamba Rais leo amepanda mti. Mti aliupanda Nassibu, na tope la viatuni lilikuwa la Nassibu, lakini shukrani zilikwenda Ikulu.

Wananchi walizoea. Nassibu aliwahi kumwakilisha Waziri wa Michezo katika mbio za viongozi, akashika mkia, na kesho yake Waziri akamwita ofisini kumfokea kwa kumdhalilisha mbele ya taifa. Aliwahi kumwakilisha Katibu Mkuu mmoja katika harusi ya Katibu Mkuu mwenyewe. Bwana harusi alipofika jioni, wali ulikuwa umekwisha na wakwe wakamuuliza yeye ni nani. Hakuna aliyeona ajabu. Palikuwa na kiapo tu, kila mwakilishi alikila siku ya kuajiriwa: kinachofanywa na mwakilishi kimefanywa na mkubwa wake, na atakayesema vinginevyo amelihujumu taifa.

Kazi hiyo, ukiifanya muda mrefu, inakutia ganzi. Ukicheka harusini, furaha ile si yako. Ukiinama msibani, kuna mwongozo unaoeleza huzuni ya waziri iishie wapi na ya Rais ianzie wapi. Nassibu aliufuata mwongozo vizuri sana, hadi siku moja akajikuta amekaa kitandani na soksi moja mkononi, hajui kama amefurahi au amechukia. Hata hilo halikumsumbua sana. Alivaa soksi, akaenda kazini.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anamwita kwa jina lake: mama yake, Bi Somoe, mjane wa mtaa wa Mipera, mwenye kifua kibovu tangu utotoni na ulimi mzima kabisa. Kila Jumapili Nassibu alikwenda kwake, akakaa uani kumsikiliza akiwasema majirani huku akikuna nazi. Pale ganzi ililegea kidogo. Hakuwa na mke, hakuwa na ndugu. Alikuwa na Jumapili.

*

Mwaka huo ukaingia ugonjwa. Watu waliuita Mbano, kwa sababu ulibana kifua hadi mtu akawa anaivuta pumzi kama anavuta ndoo kisimani. Wizara ikapiga marufuku jina hilo. Ikasema ule si ugonjwa, ni Hali, na wananchi waache kufa kwa hofu. Wananchi ni watiifu. Waliacha kufa kwa hofu, wakawa wanakufa kwa Hali.

Baadaye ikaja chanjo. Nami niseme mapema nisije nikasingiziwa: chanjo ilikuwa nzuri. Ilitengenezwa na watu wanaoijua kazi yao, ikajaribiwa, na wachache waliochanjwa kweli kweli walipata homa kidogo, wakalala, wakaamka, wakaenda shambani. Mbano uliwapita. Chanjo ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba ililetwa na serikali.

Serikali hiyo ndiyo iliyozindua bomba la maji Mipera kwa ngoma na matarumbeta, bomba likazinduliwa, maji yasizinduliwe. Ndiyo iliyogawa mbegu bora zilizoota magugu bora. Kwa hiyo iliposema njooni mchomwe sindano bure, watu walianza kujiuliza kwa nini iwe bure. Wengine walisema ukichanjwa ndevu zinapukutika. Wengine walisema ndani ya dawa mna kitu cha kumfanya mtu akipende chama. Hili la pili ndilo lililoogopwa zaidi.

Baraza la Mawaziri likakutana. Waziri wa Afya akashauri kwamba ili wananchi wawe na imani, Mheshimiwa Rais achanjwe hadharani. Rais, ambaye siku hiyo alikuwepo yeye mwenyewe, jambo lililowatia wengi wasiwasi, aliuangalia mkono wake wa kushoto kwa huruma, kisha akasema, "Wazo zuri sana. Nitawakilishwa."

*

Uwanja wa taifa ulijaa. Nassibu alipanda jukwaani na suti yake, akakaa kwenye kiti chenye nembo. Muuguzi aliyeteuliwa alikuwa Sista Perpetua, mama mnene mwenye miwani, ambaye itifaki ilimtaka aongee na anayewakilishwa, si na aliyekaa mbele yake.

"Mheshimiwa Rais, naomba ukunje mkono wa shati," alisema Sista Perpetua.

Mheshimiwa akakunja. Sindano ikaingia, kamera zikamulika, bendi ikapiga. Kisha Nassibu akasimama kwenye kipaza sauti, akasoma hotuba aliyopewa: "Ndugu wananchi, nimechanjwa mbele ya macho yenu. Nawahakikishia, kwa heshima ya cheo changu, kwamba sikusikia maumivu hata chembe." Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Saa hiyo Rais alikuwa nyumbani kwake anakula papai.

Baada ya hapo mawaziri wote wakawa na hamu ya kuonyesha mfano. Kila mmoja alimtaka Nassibu, kwa hoja kwamba mkono wake tayari una uzoefu. Mkurugenzi wa Uwakilishi, Bwana Kasiano Lindu, mtu aliyekuwa akiongea kana kwamba kila mara kuna kamera nyuma ya kabati, alimwita ofisini.

"Bwana Mtepa," alisema, "mkono wako si wako tena. Ni rasilimali ya taifa. Usiubebee mizigo, usiulalie, na tafadhali usisalimiane nao ovyo."

Ikawa Nassibu anafika zahanati asubuhi, na Sista Perpetua, bila kuinua macho, anamuuliza, "Leo wewe ni nani?"

"Leo mimi ni Waziri wa Misitu."

"Karibu Mheshimiwa. Upande gani unauma kidogo?"

"Pande zote."

Alichanjwa akiwa Jaji Mkuu. Alichanjwa akiwa Spika, na kwa kuwa Spika alikuwa mwanamama, alivishwa mtandio ili kumbukumbu zikae sawa. Chanjo yenyewe haikumdhuru. Sista alikuwa na akili zake, na baada ya zile za mwanzo sindano nyingi alizomdunga zilikuwa za maji ya chumvi, jambo ambalo hakuliripoti popote. Lakini mkono ulichoka. Uliingia ganzi kuanzia begani hadi vidoleni, na Nassibu akawa anakishika kikombe kwa mkono mwingine. Aliona sawa tu. Mkono ulikuwa umemfikia mwenyewe pale pale kwenye ganzi alipokuwa.

Sasa, wananchi wa nchi hiyo si wajinga, kama wageni wanavyopenda kudhani. Waliyaona yote, wakayaelewa, wakajifunza.

Mjumbe wa mtaa wa Mipera, Bi Mwajabu, aliitisha mkutano. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi waliovuka mto, na ndiye aliyekuwa sikio la serikali mtaani. "Jamani," alisema, "kama Rais mwenye nchi yake amechanjwa kwa mkono wa mtu, sisi ni nani tujitie kimbelembele cha kwenda wenyewe? Huko ni kumkosea adabu mkubwa!" Watu wakakubali kwa kauli moja. Wakamteua Tindwa, mchoma mishikaki, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mnene na ungeweza kuutosha mtaa mzima. Tindwa akaenda, akachomwa, akarudi amebebwa juu kwa vigelegele. Siku ile ile Mipera nzima ikawa imechanjwa.

Mitaa mingine ikaona wivu. Mji mmoja ulimtuma mwanamieleka. Wilaya moja ya milimani, ambayo haina barabara, iliiomba wilaya ya jirani iiwakilishe. Wizara nayo, ilipoona mambo yanakwenda vizuri namna hiyo, ikatoa waraka kuruhusu kila raia kuchanjwa kupitia mtu mwingine, na haukupita muda ikatangaza kwamba nchi yote, pamoja na watoto watakaozaliwa mwakani, imeshachanjwa. Wataalamu wa nje walikuja kujifunza muujiza huo. Walipokewa na wawakilishi, nao wakaandika ripoti ya kupongeza.

Kitu kimoja tu hakikuheshimu uwakilishi, nacho ni Mbano. Ulimfuata kila mtu kwake, mwenyewe.

*

Jumapili hiyo Nassibu alimkuta mama yake uani amekalia mbuzi ya kukunia nazi. Pembeni, kwenye mkeka, alikaa Bi Mwajabu akipeta mchele ambao haukuwa wake.

"Shikamoo mama. Shikamoo Bi Mwajabu."

"Marahaba mwanangu," alisema Bi Somoe. "Afadhali umekuja. Nataka nikutume."

"Wapi, mama?"

"Zahanati. Ukanichanjie."

Nassibu akakaa chini taratibu. Hilo hakulitarajia. "Mtaa si ulimtuma Tindwa?"

"Tindwa!" Bi Somoe alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Moshi wa mishikaki yake ndio ulionimaliza kifua, leo ndiye anikinge? Mimi nina mtoto wangu, na kazi yake ndiyo hiyo. Unawafanyia wakubwa huko, mama yako ndiye akose?"

"Ana haki yake kabisa," alisema Bi Mwajabu. "Waraka unaruhusu."

"Mama, si tungekwenda wote?" Nassibu alijaribu. "Ni hapo tu. Ni kama kung'atwa na siafu, unashtuka, basi."

"Mbona Rais hakwenda?"

Bi Somoe akaacha kukuna. Alimtazama mwanawe kwa yale macho ya kumtafutia chawa kichwani alipokuwa mdogo.

"Nassibu. Serikali mimi siijui. Aliijua marehemu baba yako, na haikumfaa kitu. Mimi nakujua wewe. Nitakuuliza neno moja, na utakalonijibu ndilo nitakalolifuata. Ukisema niende, naenda sasa hivi na kanga yangu hii hii. Mkono wa mtu unamkinga mwingine, au haukingi?"

Ungo wa Bi Mwajabu ukasimama hewani.

Nassibu alilijua jibu. Alilijua kuliko mtu yeyote katika nchi ile, kwa sababu mkono uliokuwa ukiulizwa ulikuwa wake. Alimjua pia Bi Mwajabu, na alikijua kiapo, na aliijua ile nyumba isiyo na madirisha wanakopelekwa wanaolihujumu taifa. Kitu kikamwingia. Ilimchukua muda kukitambua kuwa ni woga, maana hakuwa amehisi kitu siku nyingi, na ilimuuma kwamba cha kwanza kurudi kiwe hicho.

"Unakinga, mama," alisema.

"Basi yamekwisha." Bi Somoe akarudi kwenye nazi yake, ameridhika. Bi Mwajabu naye akaendelea kupeta. Chakula kilipoiva Nassibu alikula, akashukuru, lakini hakuonja ladha ya kitu chochote.

*

"Leo wewe ni nani?" aliuliza Sista Perpetua kesho yake.

"Leo mimi ni Bi Somoe wa Mipera."

"Huyo ni waziri wa nini?"

"Ni mama yangu."

Sista akaiweka sindano juu ya meza, akavua miwani. Bila miwani alionekana mtu aliyechoka sana. "Mlete."

"Hataki. Ameuliza kama mkono wa mtu unakinga."

"Ukamwambiaje?"

Nassibu akaanza kukunja mkono wa shati.

"Sikiliza, kaka yangu," alisema Sista kwa sauti ya chini. "Hao wote niliowachanja kwenye huu mkono, mmoja akibanwa leo, ndege inawashwa, anakwenda kutibiwa nje. Mama yako akibanwa, atawasha nini?" Akaichukua sindano tena. "Nitakuchoma, kwa sababu waraka unaniamuru. Ila usiniambie ni mama yako. Niambie ni waziri, yeyote tu, na mimi nilale usingizi."

"Waziri wa Ushirika," alisema Nassibu.

"Karibu Mheshimiwa."

Alipotoka pale aliamua kwamba Jumapili inayofuata atamwambia mama yake ukweli, wakiwa wawili tu, hata kama itabidi amsubiri Bi Mwajabu aende sokoni. Uamuzi huo ulimfurahisha. Alitembea nao barabarani, akaona hata mkono umeanza kuchangamka.

Ijumaa Bwana Lindu akampeleka mkoa wa mbali kabisa kumwakilisha Waziri wa Mifugo kwenye maonyesho ya mbuzi. Nassibu aliomba aachwe, Bwana Lindu akamwambia mbuzi hawawezi kusubiri. Kumbe waliweza. Hafla ilikaa inaahirishwa, kwa sababu mwakilishi wa Mkuu wa Mkoa alikuwa anamsubiri mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, na huyo alikuwa ametuma mtu. Jumapili ilimkuta Nassibu huko, amesimama juani, anamvisha beberu nishani kwa niaba ya Waziri. Beberu aliila nishani. Watu walicheka sana, naye akacheka kwa kiwango kilichoruhusiwa.

Aliporudi, Bi Somoe alikuwa wodini.

Wodi ilijaa hadi sakafuni. Daktari alimweleza kwa upole kwamba huu hauwezi kuwa Mbano, na Hali pia haiwezi kuwa, kwa sababu wagonjwa wote hawa wamechanjwa. Kwa hiyo wote walikuwa wanatibiwa malaria.

Nassibu aliinama karibu na kitanda. Mama yake alikuwa amepungua, na kila pumzi aliifanyia kazi.

"Labda jina langu hukulitaja vizuri," alisema Bi Somoe. "Pale zahanati. Labda walisikia jina jingine."

"Mama, mkono haukingi." Maneno yalimtoka yote kwa pamoja. "Haukingi. Haujawahi kumkinga mtu. Nilikudanganya, Bi Mwajabu alikuwa pale, niliogopa. Rais mwenyewe hajachanjwa."

Bi Somoe alitoa mkono chini ya shuka, akamziba mdomo. Vidole vyake vilikuwa vya moto.

"Shii," alisema. "Usiseme hivyo, mwanangu, watu wanasikia. Utakosa kazi."

Hakusema neno jingine la maana baada ya hapo. Siku ya pili yake alifariki, mchana, wauguzi wakiwa kwenye semina ya kupongezwa.

*

Bwana Lindu alipiga simu mwenyewe. "Bwana Mtepa, pole sana, kwa niaba ya idara. Mheshimiwa Rais amepewa taarifa, na ameguswa, kwa niaba. Ameelekeza awepo msibani. Sasa nimeangalia zamu, zamu ni yako."

"Mkurugenzi, aliyefiwa ni mimi."

"Ndiyo maana nasema Mungu hamtupi mja wake. Tayari uko huko huko, hatutahitaji hata gari."

Kwa hiyo siku ya maziko, chini ya turubai lililofungwa mbele ya nyumba ya Bi Somoe, jeneza likiwa limefunikwa kanga na watu wa Mipera wamekaa kwenye mikeka, mshereheshaji alitangaza kwamba sasa anamkaribisha Mheshimiwa Rais, akiwakilishwa. Watu walitaka kupiga makofi, wakakumbuka. Nassibu akasimama na suti yake ya kijivu. Bwana Lindu alikuwa pembeni ya gari, kwa kuwa gari lilikuja hata hivyo, na mwandishi wa redio alikuwa amemnyooshea kinasa sauti.

Alianza kusoma. "Ndugu wafiwa. Nimepokea kwa mshtuko habari za kifo cha mama yetu mpendwa, Bi Somoe binti..." Hapo palikuwa na nafasi ya kujaza jina la baba wa marehemu, na idara haikulijaza. Nassibu alilijua. Alikuwa babu yake. Alipofungua mdomo kulitaja, ganzi yote ya miaka ile ikapasuka. Alilia. Hakulia kama mwongozo unavyotaka, leso mara moja jichoni na kikohozi kidogo. Alilia kwa mabega, kwa kamasi, kwa sauti aliyokuwa hajaisikia tangu ana meno ya utotoni. Alimlilia mama yake, na ile Jumapili, na lile neno moja aliloulizwa. Alilia hadi wanawake wakaitikia, na mtaa mzima ukalia naye. Bwana Lindu alikunja uso mwanzoni, kisha akaangalia jinsi watu walivyoguswa, akaukunjua.

Hotuba ikaisha hivyo hivyo. Nassibu akarudi kiti cha wageni rasmi. Kisha mshereheshaji akasema sasa ni zamu ya familia kutoa shukrani, na kwa kuwa familia yote ilikuwa ni yeye, akanyanyuka tena, akazunguka viti kama utaratibu unavyotaka, akasimama pale pale. Alitafuta kitu cha kusema kama Nassibu. Hakikuwepo. Macho yalikuwa makavu.

"Nashukuru," alisema, akakaa.

Wakaenda kuzika.

*

Waliporudi kutoka makaburini, wanaume walikaa nje na wanawake wakawa uani wanapika. Mtu aliwasha redio. Taarifa ya habari ya saa kumi ilianza na msiba wa Mipera. Rais, ilisema, leo amebubujikwa na machozi hadharani akimlilia mwananchi wa kawaida, tukio ambalo halijapata kuonekana katika historia ya taifa. Ilirushwa sauti yenyewe, kile kilio, kirefu, na watu walioketi nje wakainamisha vichwa kukisikiliza. Kisha mtangazaji akaongeza kwamba mtoto wa marehemu alitoa shukrani kwa ufupi na alionyesha ukakamavu.

"Kumbe yule mtu ana huruma hivi!" alisema mzee mmoja. "Na sisi tunamsema."

Nassibu aliingia ndani. Chumbani kwa mama yake alimkuta Bi Mwajabu anakunja nguo za marehemu, anakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo tu, cha mwanzo. Nassibu alikijua. Akafunga mlango, akasimama mbele yake.

"Bi Mwajabu, nakuomba unisikilize. Nenda zahanati kesho asubuhi. Nenda wewe, kwa miguu yako, na uwapeleke wajukuu. Chanjo ni nzuri. Nimechanjwa mimi, na mimi ndiye niliyepona. Tindwa alijikinga yeye tu. Rais hajachanjwa."

Bi Mwajabu aliiacha kanga aliyokuwa akiikunja. Hakukasirika. Alionekana kuwa na woga, na kwa kitambo Nassibu alidhani maneno yameingia.

"Hayo unayasema kwa niaba ya nani?" aliuliza.

"Yangu mimi. Nasema mimi, Nassibu."

Mwanamke yule alimtazama usoni muda mrefu, macho yote mawili, akitafuta.

"Wewe?" alisema. "Wewe mama yako mzazi kafa, hujamtolea hata chozi. Mtaa mzima umekuona. Aliyelia hapa leo ni Rais." Akaikunja ile kanga, akaiweka juu ya nyingine. "Na Rais kasema tumeshachanjwa."

Kisha akakohoa tena, akabeba sinia la vikombe, akaenda kuwapelekea chai waliokuwa nje.